Sebule ni Kubwa na Doh Iko? Piga Makofi Kwanza Kabla Ununue Spika

Leo tunabonga story ya spika za nguvu, zile za mtu ameomoka, za kuweka kwa sebule kubwa. Najua wengi wetu bado tuko bedsitta na kaspika ka Bluetooth kanachajiwa na waya ya simu. Haina noma. Siku yako inakuja, ama siku ya mtu wenu inakuja, halafu unaambiwa, "Wewe ndio unajua mambo ya mziki, nitafutie kitu." Hiyo siku ilinipata kabla nijipange, na nilichoma vibaya. Soma hii ndio usichome kama mimi.

Story iko hivi. Nilitoka campo mwaka wa pili juu karo iliisha. Nikaingia gereji moja ya kuunda nganya. Wera yangu ilikuwa kuvuta waya, kufunga sabwufa chini ya viti, kushikilia tochi fundi akichomelea. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa naweza kuskia mat ikiwa stage ya mbali nikwambie imefungwa sabwufa ngapi. Kwa familia nikapewa jina: yule aliacha shule lakini mziki anajua.

Sasa, anko yangu amekuwa dereva Doha miaka 11. Alirudi, akamalizia nyumba yake Kamulu, na hiyo nyumba sebule yake ni uwanja. Urefu mita 8, upana mita 6, dari mita 3. Chini taili mwanzo mwisho, ukuta mmoja ni vioo hadi chini. Akaniita, akaniambia, "Kijana yangu, huko nilikuwa naskiza mziki na simu kwa kitanda cha juu, tukiwa watu sita chumba kimoja. Nimeweka kando laki nne. Nataka nikikaa kwa kochi langu, nisikie muimbaji kama ako hapa mbele yangu."

Laki nne wasee. Na amenipatia mimi, sio binamu yangu mwenye digrii. Nilishuka tao siku hiyo nikitembea kama mdosi.

Nikanunua spika mbili kubwa, urefu wa mtoi wa darasa la nne, taa zikiwaka rangi zote, boksi imeandikwa wati 3000. Zilikula 160,000. Nikazisukuma kona mbili za ukuta wa mbele ndio besi ivume, kochi nikaliegemeza ukuta wa nyuma. Siku ya kufungua nyumba, guka akaomba Joseph Kamaru. Nikaweka. Sebule nzima ikawa vuuum, vuuum. Gitaa imepotea, maneno hayashikiki. Guka alivumilia ngoma moja na nusu, halafu akasema, "Zimeni hiyo kitu. Haiimbi, inanguruma tu." Anko hakunigombeza. Alinyamaza tu, na hiyo kunyamaza ilikuwa mbaya kuliko matusi.

Hapo ndio nilianza kusoma hii maneno vizuri. Na kitu ya kwanza nilijifunza ndio nataka utoke nayo hapa: spika haiuzwi kamili. Nusu yake ni chumba yenye unaipeleka.

NGANYA ILINIDANGANYA

Masikio ya watu wa Nairobi yamelelewa na mathree. Hatukatai. Tatizo ni kwamba gari na sebule ni dunia mbili tofauti.

Besi ni hewa inasukumwa. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Ile nyuzi nene ya gitaa la besi hupiga hezi 41, yaani mawimbi 41 kwa sekunde, na wimbi moja lake lina urefu wa zaidi ya mita 8. Ndani ya gari hilo wimbi haliwezi hata kutoshea, kwa hivyo sabwufa inakuwa kama pampu ya baiskeli: inafinya hewa yote ya hapo ndani kwa mpigo mmoja. Ndio maana sabwufa moja ndogo inaweza kutingisha dirisha za gari na figo zako pamoja.

Sebule ya anko ni mita 8 mara 6 mara 3, hiyo ni mita 144 za ujazo. Bedsitta ya mita 3 kwa 3 yenye dari ya karibu mita 2.7 ni kama 24. Kwa hivyo kwa anko kuna bedsitta sita za hewa. Kitu inatisha kwa keja yako, huko inapotea kama sumni kwa mchanga. Na mimi nilikuwa nimepeleka akili ya nganya kwa nyumba.

Cheki hii, inafurahisha. Kuna spika moja ndogo ya kuheshimika sana inaitwa LS3/5A. Ilichorwa na mainjinia wa BBC miaka ya 1970, na moja ya sababu ilikuwa watu wa redio wapate kuskia vizuri wakiwa ndani ya gari la matangazo. Yaani spika ya gari kabisa! Mpaka leo watu wanailipia pesa ndefu. Lakini hata ikiwa na jina kubwa hivyo, ukiiweka pekee yake kwa sebule ya mita 144 na uitishe besi ya kudensi, utakuwa unaionea. Sio mbaya. Iko tu mahali si pake.

Kwa hivyo usiulize "spika gani ni kali?" Uliza "spika gani ni kali kwa chumba hii?"

PIGA MAKOFI

Kabla utoe hata thao moja, simama katikati ya hiyo sebule upige makofi mara moja, kwa nguvu. Skiza. Ukiskia "pa" imekufa hapo hapo, uko sawa. Ukiskia "pa-ra-ra-ra" kama uko kwa bafu ya shule, hiyo ni kesi.

Nyumba mpya za siku hizi zinajengwa kwa picha. Taili, vioo, ukuta msafi bila kitu. Zinapendeza, lakini kila kitu kigumu kinarudisha sauti. Unaskia neno la muimbaji mara moja kutoka kwa spika, halafu mara kumi kutoka ukutani, yote kwa sekunde moja. Ubongo unachoka. Ndio maana guka hakushika neno hata moja, na masikio yake hayakuwa na shida.

Dawa yake si ya bei kali:

- Kapeti nzito kati ya spika na kochi. Hii ndio ya kwanza.
- Pazia nzito, ya mikunjo mingi, kwa vile vioo.
- Kochi za kitambaa, si ngozi pekee.
- Kabati ya vitabu ama rafu yenye vitu vya saizi tofauti kwa ukuta wa nyuma. Inavunja sauti isirudi kama mpira.

Lakini usinielewe vibaya: kapeti na pazia zinatuliza sauti za juu. Besi haziioni pazia kabisa, inapita kama haijaskia hodi. Besi ina dawa yake.

KONA NI MTEGO

Hapa ndio nilikosea zaidi, kwa hivyo skiza poa.

Kila chumba ina noti zake inazipenda. Chukua 343, gawanya kwa mara mbili ya urefu wa chumba, unapata noti ya kwanza yenye itavuma kati ya kuta mbili zinazotazamana. Halafu inajirudia ikizidishwa kwa mbili, kwa tatu, hivyo hivyo.

Kwa anko: upana wa mita 6 unatoa kama hezi 29, na ya pili yake ni 57. Dari ya mita 3 inatoa 57 pia. Umeona shida? Upana na dari wamekubaliana noti moja. Na hezi 57 iko pale pale besi ya ngoma nyingi inapoishi. Kila besi ikipita hapo, chumba kinaishika na kuivuta kama mtu mlevi ameshika maikrofoni. Hiyo ndio "vuuum" iliyokuwa inamfunika Kamaru.

Sasa ukiweka spika kona, unaamsha hizo noti zote kwa pamoja, juu kona ndio penye kila moja ina nguvu. Na ukiegemeza kochi ukuta wa nyuma, umejikalisha pale besi inarundikana. Mimi nilifanya zote mbili. Kwa gereji wangenipigia saluti. Kwa sebule ilikuwa uhalifu.

Vile ilifaa kufanywa:

Spika zitoke kwa ukuta wa mbele, hata nusu mita hadi mita moja kama nafasi iko, na zisiwe kona. Umbali wa ukuta wa nyuma na wa ukuta wa pembeni usilingane. Kochi litoke ukutani, hata mita moja tu. Spika mbili na kichwa chako zifanye pembetatu yenye pande sawa, ama karibu hivyo: kama spika ziko mita 3 mbali na nyingine, kaa kama mita 3 hadi 3 na nusu kutoka kwao. Twita (si ile ya Elon, ni ile spika ndogo ya juu) ikuwe usawa wa masikio ukiwa umekaa. Halafu ziinamishe kidogo zikuangalie, uskie vile muimbaji anakuja katikati.

Haya yote ni bure. Jaribu na hizo spika uko nazo sai, uone.

WATI ZA BOKSI NI STORY ZA JABA

"Wati 3000." Manze, hiyo namba ilinishika kama ahadi ya mwanasiasa. Boksi nyingi zinaandika PMPO, ambayo ni namba ya mpigo wa kitambo kidogo sana, na hakuna sheria moja ya kuipima. Kila kampuni inajiandikia vile imeamka. Kitu ya kutafuta ni RMS, nguvu ambayo mtambo unaweza kutoa mfululizo bila kulia. Kama boksi haina RMS popote, rudisha boksi kwa rafu, sema asante, toka.

Lakini kuna namba muhimu hata kuliko hiyo, na wauzaji wengi hawaitaji: usikivu wa spika. Unaandikwa kwa desibeli, kipimo cha mita moja kwa volti 2.83, ambayo kwa spika ya omu 8 ni sawa na wati moja. Inakwambia spika inapiga kelele kiasi gani ikipewa chakula kidogo.

Shika kanuni tatu tu. Ukitaka desibeli 3 zaidi, unahitaji wati mara mbili. Ukitaka 10 zaidi, yenye sikio litaona ni kama sauti mara mbili, unahitaji wati mara kumi. Na kila ukienda mara mbili ya umbali, unapoteza kama desibeli 6 mahali wazi. Ndani ya nyumba inapungua kidogo kuliko hapo juu kuta zinarudisha.

Tufanye hesabu ya sebule kubwa. Umekaa mita 4. Unataka vilele vya ngoma vifike desibeli 100, zile dakika dram inaingia. Hesabu ya mahali wazi iko hivi: spika za desibeli 87, toa 12 za umbali, ongeza 3 juu ziko mbili, unabaki na 78 kwa wati moja. Kufika 100 unahitaji 22 zaidi, na hiyo ni kama wati 160 kwa kila spika. Sasa chukua spika za desibeli 93. Hesabu ile ile inakupa kama wati 40. Desibeli 6 tu kwa karatasi, lakini amplifaya imekuwa ndogo mara nne. Hiyo ni doh imebaki kwa mfuko.

Kwa bedsitta hii hesabu haina haja. Kwa sebule kubwa ndio inaamua kila kitu.

AMPLIFAYA NDOGO NDIO HUUA SPIKA

Watu huogopa amplifaya yenye nguvu, wanadhani itachoma spika. Mara nyingi ni kinyume. Amplifaya ndogo ikikamuliwa hadi mwisho inaanza kukata vichwa vya mawimbi. Wimbi la mviringo linakuwa kama meza. Hiyo sauti iliyokatwa imejaa nguvu za juu zenye twita haikuumbiwa kuzibeba, na ndio inakufa ya kwanza. Ukiskia sauti imeanza kukwaruza na mgeni wa anko bado anaongeza volyum, mnyang'anye remoti kwa heshima.

Cheki pia omu. Spika za omu 4 zinanyonya umeme mwingi kuliko za omu 8. Nyuma ya amplifaya pameandikwa inakubali ngapi. Kama inasema 6 hadi 16 na spika ni 4, usijaribu bahati.

Na waya? Usiuziwe waya wa bei ya mkufu. Waya ya shaba halisi ya milimita 2.5 za mraba, ile mafundi wa stima wanaijua, inatosha sebule karibu zote. Mita 10 kutoka amplifaya hadi spika, kwenda na kurudi, upinzani wake ni kama omu 0.14 tu. Chunga tu isiwe alumini imepakwa rangi ya shaba. Kwaruza kwa kisu: ndani ikiwa nyeupe, umeuziwa mbuzi kwa gunia.

SASA SPIKA GANI?

Kwa chumba kubwa una njia tatu.

Ya kwanza ni spika za kusimama sakafuni. Zina boksi kubwa na koni kadhaa, zinasukuma hewa ya kutosha. Hapa ndio utapata majina kama KEF na Bowers & Wilkins za Uingereza, Focal ya Ufaransa, Dynaudio na DALI za Denmark. Bowers & Wilkins za daraja la 800 ndio zimekuwa zikitumika Abbey Road, ile studio ya London. Usitetemeke na majina lakini. Kila moja ya hizi kampuni ina ngazi ya chini na ngazi ya bei ya gari, na ile ya chini ikiwekwa poa inaaibisha ile ya juu ikiwekwa vibaya.

Ya pili ni spika za honi. Klipsch ya Marekani ndio jina kubwa hapa. Mzee Paul Klipsch alianza mwaka 1946 na spika inaitwa Klipschorn, na bado inaundwa. Kampuni inaiandikia usikivu wa desibeli 105. Wati chache tu, sebule imeamka. Na sikia kali: hii imechorwa kukaa kona. Inatumia kuta mbili kama sehemu ya honi yake. Kwa hivyo nikisema kona ni mtego, namaanisha kwa spika haikuchorewa kona. Anayeitaka Klipschorn ahakikishe ana kona mbili safi, bila mlango wala dirisha hadi chini. Unaona? Chumba tena.

Ya tatu ni spika ndogo nzuri kwa stendi, halafu unaongeza sabwufa. Kwa mfano KEF LS50, iliyotoka 2012 kampuni ikisherehekea miaka 50, ina koni ya inchi 5.25 na usikivu wa desibeli 85. Sauti ya muimbaji ni safi hadi unaskia akivuta pumzi. Lakini kwa mita 144 za ujazo inahitaji sabwufa, na afadhali mbili ndogo kuliko moja kubwa, juu mbili zikiwekwa mahali tofauti zinasawazisha zile noti za chumba. Sizungumzii wufa ile ya Kenya yenye spika zote na redio ndani. Hii ni boksi ya besi pekee.

Kuiweka sabwufa kuna ujanja: iweke juu ya kochi, pale kichwa chako hukaa. Piga ngoma ya besi. Halafu tambaa kando ya kuta na masikio chini, utafute mahali besi inaskika sawa, noti zote, bila moja kuruka juu. Hapo ndio sabwufa ikae. Nimemwona anko wangu, mzee wa miaka 54, mwenye title deed, akitambaa kwa taili zake kama mtoi anatafuta sarafu. Anti alitupiga picha. Lakini mahali tulipata.

DUKANI TUMIA MASIKIO, FUNGA MACHO

Kuna mtafiti wa Canada anaitwa Floyd Toole. Alifanya miaka mingi kwa National Research Council ya huko, baadaye akaenda Harman. Kazi yake ilikuwa kukalisha watu, kuficha spika nyuma ya pazia, na kuuliza: gani ni poa? Watu wakiwa hawaoni, wengi walikubaliana, na walipenda spika yenye inatoa sauti zote kwa usawa bila kuongeza chumvi. Pazia ikitolewa, saizi, jina na bei zilianza kuwapigia kura. Taa zangu za rangi zote zilinipigia kura hivyo hivyo.

Kwa hivyo ukienda kuskiza:

- Beba ngoma tano unazijua kama namba yako ya simu. Moja iwe ya sauti ya mtu na gitaa tu, moja ya besi nzito, moja ya watu wengi wakiimba pamoja. Ngoma za duka zimechaguliwa ziuze.
- Hakikisha spika mbili unazolinganisha ziko volyum sawa. Ile imeongezwa kidogo itaonekana kali kila saa. Masikio yetu huskia besi vizuri zaidi sauti ikiwa juu. Fletcher na Munson walipima hiyo kitu tangu 1933. Kuna programu za simu za kupima desibeli, zinatosha kulinganisha.
- Skiza nusu saa. Spika yenye trebo kali inakufurahisha dakika mbili na kukuchosha dakika ya ishirini.
- Uliza kama unaweza kuijaribu kwako, ama kuirudisha. Omba iandikwe kwa risiti.

Ukinunua mitumba, bonyeza koni polepole ikiwa imezimwa, sawasawa pande zote. Ikikwaruza, achana nayo. Cheki ile pete inayozunguka koni: za sponji huoza na miaka, zinakatika kama mkate umekauka. Za raba hudumu. Na kama cuzo anakuletea vitu kutoka Marekani, spika za kawaida zisizo na umeme ndani hazina shida. Amplifaya ndio shida: huko stima ni volti 120, hapa ni 240. Ukiichomeka bila kucheki nyuma, itapiga ngoma moja tu, na hiyo ngoma ni ya moshi.

VILE TULIMALIZANA NA ANKO

Zile spika za taa niliziuza kwa mtu wa mahema ya sherehe, 90,000. Nje penye hakuna kuta za kuwavumia, jamaa anasema zinamfaa. Hasara ilikuwa 70,000, na nikamwambia anko hiyo ni yangu. Alisema sio lazima. Nikasema ni lazima.

Tulibaki na 330,000. Kapeti na pazia zikala 45,000. Anko alishangaa, alidhani nimeanza biashara ya nyumba. Spika za kusimama za mitumba, za Uingereza, pete za raba, usikivu desibeli 90, zikala 170,000. Amplifaya ya wati 100 RMS kila upande, 75,000. Waya na kifaa cha kulinda dhidi ya stima ya kurukaruka, 10,000. Ikabaki 30,000 ikaanza kuchangia sabwufa, na ndio siku ya kutambaa ikafika miezi mitatu baadaye.

Angalia hiyo hesabu tena. Kapeti na pazia ndio vitu sikuwahi fikiria, na bila hizo zingine zote zingekuwa kelele ya bei kali. Ukiwa na bajeti yoyote, tenga sehemu ya chumba kwanza. Ukiulizwa, sema ni spika.

Na usiwashe kama disko kila siku. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Ukipanda, saa zinapungua haraka. Masikio hayana spea. Majirani pia wako na sheria ya kelele upande wao, na usiku inakaza zaidi.

Guka alirudi mwezi wa Desemba. Hakuna mtu alimwambia kitu kimebadilika. Tulimkalisha kwa lile kochi, mita moja kutoka ukutani, nikaweka Kamaru ile ile, volyum ya chini kuliko siku ile. Mara ya kwanza aligeuza kichwa kucheki nani ameingia. Halafu akaanza kutaja maneno kidogo mbele ya muimbaji, kama mtu anamkumbusha rafiki. Ilipoisha akauliza kama kuna ingine.

Anko aliniangalia. Bado hakusema kitu, lakini hiyo kunyamaza ilikuwa tofauti. Kwa ile 70, nimebakisha 22. Nalipa pole pole na M-Pesa, na kila mwisho wa mwezi ananijibu, "Nimeona, kijana."

Sasa wewe, simama hapo ulipo. Piga makofi mara moja. Umeskia nini?